Shahamu Inayochunika: Namna ya Kumtengeneza Mbuzi wa Mgeni Myahudi

Mbuzi wa kwanza nilimharibu. Alikuwa jike tasa, amenona mpaka figo hazionekani, mbuzi ambaye wateja wangu wangemgombania. Nikamchuna, nikampasua, nikamkatakata juu ya gogo kama nilivyozoea tangu nilipofungua bucha hapa Mikindani mwaka 1994: figo na mafuta yake, mbavu na ile nyama laini ya ubavuni imekunjwa humo humo, paja na mfupa wake, beseni moja, kisu kimoja, shoka moja. Mwenye mbuzi, mgeni wangu Myahudi, akaja, akainama juu ya beseni, akanyamaza. Kisha akasema, "Mzee, hapa sasa siwezi kujua kipi ni kipi." Wiki ile alikula samaki changu tu, na mimi nyama yote niliimaliza kabla ya adhuhuri. Hasara haikuwepo. Aibu ilikuwepo, maana nilikuwa nimejitapa kwamba mbuzi namjua hata nikifumba macho.

Wenzangu wawili wa kazi hii, mmoja Lindi na mmoja Masasi, wameniuliza wafanyeje wakipata mgeni kama wangu. Kueleza kwa simu nimeshindwa, kwa hiyo naandika.

Mgeni mwenyewe alikuwa fundi wa visima, Mganda wa huko Mbale, mtu mzima mwenye maneno machache. Alipanga chumba cha uani kwetu mwezi wa Novemba, pesa ya korosho ikiwa mikononi mwa watu na bucha linauza mpaka kwato. Aliponiambia dini yake ni ya Kiyahudi nikadhani ananitania. Kumbe wapo. Wanaitwa Abayudaya. Semei Kakungulu, jemadari aliyewatumikia Waingereza kisha wakakosana, alitahiriwa mwaka 1919 pamoja na wanawe akashika Torati, na wafuasi wa njia yake wako kuzunguka Mbale mpaka leo. Mmoja wao, Gershom Sizomu, alisomea Marekani na kupata daraja la urabi, yaani ualimu wa dini yao, mwaka 2008. Fundi wangu hakuwa rabi, ila kwao alifundishwa kuchinja na kusafisha nyama, na hilo ndilo lililotukutanisha kwenye gogo langu.

Kuchinja sitalieleza sana, kwa sababu si kazi yako wala yangu. Anachinja Myahudi aliyefunzwa, basi. Mimi nilishika miguu. Kisu chake hakikuwa na ncha, kirefu, na kabla ya kukitumia alikipitisha ukuchani na kwenye nyama ya kidole akitafuta pengo. Pengo dogo kuliko punje ya mchanga lingemfanya arudi kwenye kinoo. Mkono ukienda hausiti, haukandamizi, haupasui kwa ncha. Baada ya hapo alipenyeza mkono kifuani kupapasa mapafu kama yameshikana na mbavu, kisha akayatoa, akayajaza hewa na kuyazamisha kwenye maji aone kama yanatoa mapovu. Bwana afya wetu naye hutazama mapafu, kwa hiyo hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza kilikuja baadaye.

Kwanza sheria yenyewe. Katika Torati, kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 3 na sura ya 7, wana wa Israeli wameambiwa wasile mafuta ya ng'ombe, ya kondoo, wala ya mbuzi. Adhabu yake ni nzito, mtu kukatiliwa mbali na watu wake, na kiasi cha zeituni moja kinatosha kumtia mtu hatiani. Ukisoma juujuu utasema basi hawa hawali mafuta kabisa. Sivyo. Mafuta yaliyokatazwa ni yale yaliyokuwa yakichomwa juu ya madhabahu wakati wa sadaka: yanayofunika matumbo, yaliyo juu ya figo mbili, na yale ya viunoni. Yalikuwa fungu la Mungu, hayakuwa fungu la mla nyama. Yaliyobaki, ya kwenye nyama na mifupani, ni halali yao.

Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko lugha nyingi. Sisi tuna mafuta, na tuna shahamu. Mafuta ni yote, hata ya nazi. Shahamu ni ile nyeupe nzito ya ndani ya mnyama. Wao kwa Kiebrania wametenga vilevile: iliyokatazwa wanaita helevi, inayoliwa wanaita shumani. Nilipomtajia fundi neno shahamu alitabasamu, akasema hilo ndilo alilokuwa akilitafuta mwezi mzima.

Na habari yenyewe nilikuwa nimeisoma madrasa utotoni bila kuielewa. Katika Sura ya Al-An'am, aya ya 146, Mwenyezi Mungu anataja kwamba Mayahudi waliharimishiwa shahamu za ng'ombe na za kondoo na mbuzi, isipokuwa ile iliyobebwa na migongo, au ya matumbo, au iliyochanganyika na mfupa. Miaka yote nilijiuliza, mchinjaji anatenganishaje ya mgongo na ya pengine? Jibu nililipata nikiwa na miaka zaidi ya hamsini, mikono imejaa mafuta.

Jibu lenyewe liko kidoleni. Shahamu iliyokatazwa ina dalili tatu: imelala kama tabaka peke yake, ina utando wake juu, na inachunika. Ukiingiza ukucha chini yake inakuja yenyewe kama ganda la chungwa. Mafuta yanayoruhusiwa yamefumwa ndani ya nyama. Hayana ngozi yao, na ukitaka kuyatoa lazima ukate nyama pamoja nayo. Rangi isikudanganye. Mafuta ya mbuzi ni meupe kote, na jicho halitakuambia lolote.

Sasa kazi. Kabla hujagusa mbuzi, tafuta visu vitatu. Hili si la fundi wangu, ni la wahenga wao, limeandikwa katika Talmudi, kitabu chao cha sheria na mijadala ya dini: mchinjaji anatakiwa awe na kisu cha kuchinjia, kisu cha kukatia nyama, na kisu cha kukatia shahamu. Awe pia na vyombo viwili vya maji, kimoja cha kuoshea nyama na kimoja cha kuoshea shahamu. Nilipolisikia nikasema hawa wahenga wamewahi kusimama buchani. Kisu kilichopita kwenye shahamu kinabeba utelezi, na utelezi huo unaupaka kwenye nyama bila kujua. Mimi cha shahamu nimekifunga kitambaa chekundu mpinini ili kijana wangu asikikosee, maana anakosea.

Mtundike mbuzi kwa miguu ya nyuma, na fanya haraka akiwa bado na joto. Shahamu ya mnyama mwenye joto huachia vizuri. Ikishapoa inakuwa ngumu kama mshumaa na utaanza kuichimba kwa kisu, na ukianza kuchimba utakata nyama na kuacha vipande. Usiweke barafuni kwanza. Hilo nalo nilijaribu.

Kinachokutazama ukifungua tumbo ni ule wavu wa mafuta uliofunika matumbo, mwembamba, wenye matundu matundu kama nyavu za dagaa zilizoanikwa. Huo wote unatoka. Uvute kwa mkono mzima kuanzia tumboni, utakuja kama shuka. Chini yake tumbo kubwa na lile dogo lenye vyumba kama sega la nyuki yana shahamu yake iliyong'ang'ania kwenye mikunjo. Hiyo nayo inatoka, na huko ndiko kisu chekundu kinafanya kazi. Wateja wangu wa utumbo hununua tumbo na mafuta yake. Kwa mgeni huyu tumbo likibaki na alama nyeupe, lirudie.

Utumbo mwembamba una siri yake. Dhiraa moja ya kwanza, tangu pale unapotoka tumboni, mafuta yaliyouganda yanakwanguliwa yote. Dhiraa ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na fundi alipima kwa mkono wake mwenyewe, akakata, akatenga. Baada ya hapo mafuta ya utumbo yanaruhusiwa. Hapo nikamkatiza, nikamsomea aya yangu: "au ya matumbo." Akatikisa kichwa taratibu, akasema ndiyo, Mzee, lakini si dhiraa hii. Wapo wanaokwangua na ncha ya pili ya mwisho ili kuondoa shaka, na yeye alikuwa mmoja wao.

Njoo kwenye figo. Hapa usiwe na pupa. Figo za mbuzi aliyenona zimezama ndani ya donge la shahamu kubwa kama ngumi, na donge hilo ndilo linalotajwa waziwazi kwenye Torati. Ingiza kidole gumba juu, karibu na uti wa mgongo, sukuma kuelekea chini, donge lote litaanguka mkononi pamoja na figo. Pasua donge, toa figo. Sasa tazama: figo imevikwa utando, na chini ya utando huo kuna mwingine mwembamba zaidi, kama ile ngozi ya ndani ya kitunguu. Yote miwili inachunwa. Halafu geuza upande wenye kishimo, pale mshipa unapoingia. Kuna weupe unaozama ndani kama mzizi. Fundi alikata weupe wote ulioonekana, kisha akaipasua figo katikati akachokonoa na uliobaki, ingawa alisema huo wa ndani kabisa si wa lazima kama ule wa nje. Figo yenyewe ni halali. Ilitoka ndogo, nyekundu, safi kama tunda. Mke wangu alipoiona akauliza, "Hii figo imeoga?"

Bandama wengi hatuli huku, tunawapa paka, lakini kama mgeni anaitaka, chuna utando wake wote, kisha shika kichwa cha mshipa ulio katikati uvute. Ina nyuzi ndani, zivute zote, na ukikatika mmoja uufuate kwa kisu. Ile nyama nyembamba inayotenga mapafu na matumbo, upande unaotazama matumbo, nayo ina utando na shahamu juu yake. Chuna.

Penye matatizo ni ubavuni, ile nyama laini inayoning'inia baada ya mbavu ya mwisho. Ndani yake kuna shahamu unayoiona, hiyo rahisi. Lakini ipo nyingine imefunikwa na nyama nyembamba kama karatasi, na hapo ndipo nilipobishana na fundi, kwa sababu alikuwa ameniambia mwenyewe kwamba mafuta yaliyofunikwa na nyama yanaruhusiwa. Hakunijibu kwa maneno. Akanitoa nje hadi kwenye mwembe alikokuwa amefungwa mbuzi mwingine, akamshika kiunoni, akamsogeza hatua mbili. "Weka mkono hapa." Nikaweka. Mbuzi akitembea, nyama ya kiuno inaachana na ile iliyoifunika, inafunguka na kufunga kama shati lisilofungwa vifungo. Kwa hiyo hiyo shahamu, mnyama akiwa hai, haijafunikwa. Imefunikwa tu akishakufa na kulala. Wahenga wao waliliona hilo, na ndiyo maana ya kiunoni imekatazwa hata ikijificha. Inua ile nyama nyembamba kwa ncha ya kisu, ichane, toa kilicho chini. Utapoteza nyama kidogo. Afadhali.

Na usifanye nilivyofanya kwa mbuzi wa pili. Nilikwisha kutoa kila kitu isipokuwa ubavu, nikaukunja ubavu nikauweka juu ya lundo la nyama safi ili nikanoe kisu. Umeme ulikuwa umekatika, feni imesimama, saa saba mchana mwezi wa Desemba, nanyi mnalijua jua letu. Niliporudi shahamu ilikuwa inatiririka. Ile Talmudi, kumbe, imetaja na hilo pia: mchinjaji asilaze viuno juu ya nyama, shahamu isije ikayeyuka ikaingia. Fundi aliparaza uso wa kila kipande kilichokuwa chini, akaosha, akaparaza tena. Hakunilaumu. Ila tangu siku ile ubavu nautundika kwenye kulabu yake peke yake, mbali.

Paja sasa. Hapa kuna katazo la pili, si la shahamu bali la mshipa. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 32, Yakobo alishindana na malaika usiku kucha, akaguswa kwenye uvungu wa paja akachechemea, na kwa sababu hiyo kizazi chake hakili mshipa wa paja. Kwa ng'ombe ni kamba nyeupe nene kama kalamu. Kwa mbuzi ni kama uzi wa katani. Unatoka nyongani, unazama kati ya minofu karibu na mfupa, unashuka mguu mzima na kutoa matawi. Upo mwingine upande wa nje. Inatoka yote miwili, pamoja na matawi, na mafuta yaliyouzunguka mshipa, ambayo kwa asili yangeruhusiwa, nayo wamezoea kuyaacha. Paja la kwanza lilinichukua zaidi ya saa nzima. Lilipokwisha lilikuwa kama limepita kwa fisi.

Kwa sababu ya taabu hiyo Wayahudi wa nchi nyingi, nje ya Israeli, hawajisumbui na sehemu ya nyuma. Mnyama ana mbavu 13 kila upande, wao hukata baada ya ya 12, ya mbele wanakula, ya nyuma inauzwa kwa wasio Wayahudi. Nawashauri wenzangu mfanye hivyo hivyo. Mpe mgeni wako mikono, kidari, shingo na mbavu za mbele. Humo shahamu iliyokatazwa ni kidogo sana, kazi kubwa ni kutoa mishipa ya damu ya shingo na ya mkono. Sehemu ya nyuma weka bucha. Niliwahi kuhofia wateja wangu Waislamu watasemaje kwa kuwa mchinjaji alikuwa Myahudi, nikamwendea sheikh wetu, akanisomea aya ya 5 ya Sura ya Al-Maida kuhusu chakula cha waliopewa Kitabu, akanunua paja moja yeye mwenyewe. Aliyelalamika ni mama mmoja wa jirani, na si kwa sababu ya dini: "Mbuzi gani huyu hana figo?"

Kondoo ana jambo lake. Kondoo wetu huku wana mkia mnene, na kwenye sadaka mkia wa kondoo nao ulichomwa madhabahuni. Ungedhani basi umekatazwa. Marabi wameuruhusu, kwa hoja kwamba katazo limewataja ng'ombe, kondoo na mbuzi kwa pamoja, na mkia kama huo ng'ombe na mbuzi hawana. Hivyo kinachokatazwa ni kile wanachoshirikiana wote watatu. Wakaraimu, ambao ni Wayahudi wasioifuata Talmudi, wao wanaukataza. Fundi aliula. Ila pale mkia unapoungana na kiuno, upande wa ndani, kuna shahamu ya kuondoa.

Usimtaabishe mgeni kwa kumwondolea mafuta yasiyokatazwa. Kuku, bata, kanga, mafuta yao yote yanaliwa. Mke wangu alikuwa amekesha akitoa mafuta ya kuku wa kienyeji, kuku amebaki kama aliyefiwa, fundi akatuuliza ladha imekwenda wapi. Hata swala, kama angechinjwa kisheria, shahamu yake si haramu kwao, kwa sababu katazo ni la wale wafugwao watatu tu. Tofauti ni kwamba damu ya ndege na ya mnyama wa porini lazima ifunikwe kwa udongo. Kila alipochinja kuku alimwaga kwanza mchanga mkavu, akachinja juu yake, akafunika kwa mwingine. Pweza hakugusa, wala kamba, wala kaa. Kwao samaki ni mwenye mapezi na magamba. Ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, alikula mpaka tukacheka.

Shahamu ikishatoka ndipo chumvi inaingia. Usibadili mfululizo huo: ukitia chumvi nyama ikiwa bado na shahamu, chumvi inaivutia ndani. Loweka nyama nusu saa kwenye maji ya kawaida, itoe ichuruzike kidogo, kisha ipake chumvi pande zote na kuilaza juu ya ubao wenye mteremko kwa saa moja ili damu itoke na kwenda zake. Suuza mara tatu. Chumvi ya unga inayeyuka kabla haijafanya kazi, na ya mawe makubwa inaanguka. Inayofaa ni ile chengachenga ya mashamba ya chumvi ya pwani, ambayo hapa kwetu na Lindi haina shida kupatikana. Fanya haya kabla ya siku tatu tangu kuchinjwa. Maini hayatoshelezwi na chumvi, yanachanjwa na kuchomwa juu ya mkaa.

Na kama kipande cha shahamu kimeponyoka kikaingia chunguni? Fundi alinieleza kwamba ukubwa wa kilichobaki chunguni ukifika mara 60 ya kile kipande, kimemezwa, chakula kinaliwa. Chini ya hapo, chakula na chungu vyote vina kesi. Kwa hiyo sufuria yake niliinunua mpya, sikumpa yetu, maana yetu imepika supu ya figo tangu mtoto wangu wa kwanza.

Nilimuuliza sababu. Akasema sababu ni amri, lakini akanitajia Musa bin Maimun, mwanachuoni wao aliyekuwa tabibu Misri na kufariki mwaka 1204, ambaye aliandika kwamba shahamu hii inashibisha kupita kiasi, inaharibu usagaji wa chakula, na inafaa kuwashia moto kuliko kuliwa. Mimi namkubalia nusu. Supu yenye shahamu ya figo ikipoa kidogo tu inaganda kwenye midomo, na mafuta ya nyama hayafanyi hivyo, hilo kila muuza supu analijua. Lakini ya moto, na ndimu na pilipili, tabibu angefikiri mara mbili.

Shahamu yenyewe usiitupe. Torati imekataza kula, haikukataza kutumia wala kuuza. Kwa mbuzi mmoja mnene nilipata kilo moja na robo. Iyeyushe kwenye moto mdogo na maji kidogo, chuja kwa kitambaa, ikiganda unaiondoa juu. Anaitaka mama wa sabuni, wanaitaka mafundi wa ngoma kwa ngozi zao. Mimi nilidhani nimepata na la ziada. Ijumaa moja umeme ukakatika kabla ya magharibi, nikamtengenezea fundi kibuyu cha shahamu na utambi wa pamba awashe taa yake ya Sabato. Akashukuru sana, akaniambia hata hiyo hairuhusiwi: Mishna, mkusanyo wao wa kale wa sheria, imetaja mafuta ya kuwashia taa ya Sabato, na shahamu ikakataliwa, kwa kuwa haipandi vizuri kwenye utambi. Alikuwepo mmoja, Nahumu wa Umedi, aliyesema ikichemshwa inafaa. Wenzake wakasema imechemshwa, haikuchemshwa, hapana.

Nikauwasha ule utambi kujaribu. Ukatoa moshi, ukasinzia, ukazimika. Mke wangu akaleta kikombe cha mafuta ya nazi.